Kamba ya Mafundo Arobaini

Jumanne, 3 Machi

Leo nimepanda juu kwa mara ya nne tangu niolewe, na kuanzia sasa nitapanda kila siku mpaka mume wangu apone. Miaka ishirini na miwili mzee wangu huyu amekuwa mlinzi wa mahali pale ambapo watu huenda kuitazama bahari. Kila siku amesimama hatua chache kutoka ukingoni mwa mwamba, chini yake mawimbi na ufuko, na hajawahi hata kuteleza. Wiki iliyopita akaanguka kutoka kwenye stuli ya jikoni kwangu, akavunjika mguu.

Alikuwa anaitundika kamba yake juu ya jiko. Kamba hiyo imetugombanisha miaka yote hii. Inanuka, inadondosha nyuzi kwenye sufuria, na kila nikiishusha yeye anairudisha. Nilipomkuta amelala sakafuni na kamba imemwangukia kifuani, nilipiga kelele, kisha nikaapa kimoyomoyo kwamba haitaingia tena jikoni kwangu. Tangu siku ile hakuna aliyeitaja stuli wala kamba mbele ya mwenzake. Yeye anaona aibu, mimi bado nina hasira.

Ofisi imekubali nimshikie kazi. Nafungua geti asubuhi, nafagia, nawaambia watu wasikae juu ya vyuma vya ukingoni, nafunga jioni. Na napima. Amenieleza mara tatu, kana kwamba sijui kuhesabu. Kuna nguzo ya chuma karibu na geti. Unaifunga kamba pale, unaivuta hadi ukingoni, unahesabu mafundo. Yapo arobaini, kila moja mbali na mwenzake kwa urefu wa mkono wake yeye, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ofisi iliwahi kuleta tepu ya chuma, chumvi ikaila, ikagoma kutoka, wakarudi kwenye kamba ya mzee.

Kila msimu wa mvua ukingo unamegeka. Yakibaki chini ya mafundo thelathini, ofisi inapafunga, na kazi ya mzee inaishia hapo. Ndiyo maana anaulizia mafundo kabla hajanisalimia.

Leo ni thelathini na sita. Nimeandika kwenye daftari lake. Haya mengine nayaandika huku nyuma, kwenye kurasa ambazo hakuzitumia, kwa sababu kule mbele kuna namba tupu na mimi namba tupu hazinitoshi.

Kamba nimeiacha kule kule, kwenye sanduku la mbao nje ya kibanda. Jikoni kwangu sasa kunanuka chakula.

Alhamisi, 5 Machi

Joto. Nimekuta kuna mgeni wa kila siku: mzee aliyekuwa karani wa posta, kastaafu. Anakuja saa nne kamili, anaketi kwenye benchi la mbele kabisa, analaza mwavuli wake pembeni na hasemi na mtu kwa saa nzima. Mwavuli anabeba hata jua likiwaka. Nimempa jina la Bwana Mwavuli. Mzee wangu anasema anamjua na kwamba nisimsumbue.

Sasa nani amesumbuliwa hapa? Nikifagia lazima nimzunguke kama nguzo.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua imeanza usiku wa jana na haikuomba ruhusa. Asubuhi nilivuta kamba, nikalala kifudifudi hatua za mwisho kama nilivyoagizwa, gauni lote matope. Mafundo thelathini na saba.

Nilihesabu tena. Thelathini na saba. Nikarudi nyumbani nikamwambia mzee kwamba huenda nchi imeongezeka. Alicheka mpaka mguu ukamuuma. Akasema nimeilegeza kamba, niandike thelathini na sita, na kesho nivute kama mtu aliyekula. Nikaandika thelathini na sita. Sikupenda alivyocheka.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Thelathini na sita. Nimevuta kama mtu aliyekula.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Thelathini na sita.

Ijumaa, 20 Machi

Kila Ijumaa napiga simu ofisini kutoa namba. Anayepokea ni kijana mkaguzi ambaye mzee wangu anamwita Kalamu Mbili, maana hutembea na kalamu mbili mfukoni na haijulikani ya pili ni ya nini. Ana sauti ya mtu anayeandika huku akikusikiliza. Nikamwambia thelathini na tano. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimelala tumboni kwenye matope asubuhi yote na kama anataka hakika zaidi aje alale yeye. Akasema asante, mama, akakata.

Mzee alifurahi sana niliposimulia. Hampendi. Anasema watu wa ofisini wanangoja tu namba ishuke wapafunge wapumzike.

Jumapili, 29 Machi

Kumetulia leo, mvua ya rasharasha tu. Thelathini na tano. Niseme ukweli, nimeanza kupapenda. Asubuhi kabla watu hawajaja, mawingu yakiwa yamelala chini, bahari haina rangi moja. Karibu na ufuko ni kahawia kwa udongo wa mvua, mbele inakuwa kijani, halafu kuna mstari, halafu ni buluu nzito. Mstari huo unasogea. Jana ulikuwa karibu na mawe mawili meusi, leo umeyapita. Miaka ishirini na miwili mume wangu anarudi nyumbani na anachoniambia ni mafundo. Hakuwahi kuniambia kuhusu mstari.

Nilimuuliza jioni. Akasema, "Ah, ule. Ule upo." Akageukia ukutani.

Alhamisi, 2 Aprili

Bwana Mwavuli ameongea. Nilikuwa nafagia nyuma yake akaniita, akasema benchi lina kasoro. Akalaza mwavuli, ukabingirika polepole ukaanguka upande wa baharini. Akauokota, akaulaza tena, ukaanguka tena. Zamani haukuwa unaanguka, akasema. Nikamwambia mbao zimevimba kwa maji, na labda ageuze mpini. Alinitazama kama nimemwambia barua yake imepotea.

Nilipofika nyumbani nilimwigiza kwa mzee, na mwavuli wangu, tukacheka wote wawili. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu aanguke.

Ijumaa, 3 Aprili

Thelathini na nne. Simu. Asante, mama.

Jumanne, 7 Aprili

Mwalimu wa darasa la sita amekuja tena. Mwezi uliopita aliomba kuwaleta wanafunzi waje wachore pwani kutoka juu, mvua ikamzuia mara mbili. Ni mwanamke mwembamba anayeongea haraka kama anayekimbiza kengele. Wanafunzi arobaini na wawili. Akataka kujua kama ni salama wakijipanga wote kwenye vyuma. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha namba. Zaidi ya thelathini ni salama, nikamwambia, na sisi tuko thelathini na tatu. Tumekubaliana Jumamosi ya tarehe kumi na nane.

Nilijisikia mtu mwenye kazi yake. Nilimwonyesha daftari kama mtu anayeonyesha cheti.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua kubwa siku tatu. Thelathini na mbili. Mzee hali vizuri. Anahesabu siku zilizobaki za mvua kwa vidole, halafu anahesabu mafundo kwa mkono wa pili. "Tutafika," anasema. "Yatabaki hata thelathini na moja, yanatosha. Mwezi wa sita mguu utakuwa umepona, nitapanda mwenyewe." Ameniomba nimletee viatu vyake vya kazi. Nimevipaka dawa nikaviweka chini ya kitanda pale anapoviona.

Jumanne, 14 Aprili

Jua. Kamba imeanza kuota ukungu kule sandukuni, harufu yake hata sanduku limechoka. Nimeitandaza juu ya vyuma ikaukie.

Jumatano, 15 Aprili

Jua kali. Sikupima jana wala leo, kamba iko vyumani. Mzee nimemwambia hakuna mabadiliko.

Alhamisi, 16 Aprili

Naandika haya mezani jikoni, na nitajaribu kuyaandika kwa mpangilio.

Saa kumi jioni niliitoa kamba vyumani, imekauka, nyepesi. Niliifunga kwenye nguzo, nikaivuta, nikalala. Mafundo ishirini na tisa.

Nilidhani ukingo umeanguka tangu Jumatatu na mimi sikusikia. Lakini kuna kichaka kidogo chenye miiba kwenye ukingo kabisa, nakijua maana kimenichana mara mbili, na kilikuwa palepale. Hakuna udongo mpya uliomeguka. Hakuna kilichoanguka. Nilihesabu mara ya pili, mara ya tatu nikihesabu kwa sauti. Ishirini na tisa. Hata Bwana Mwavuli hakuwepo nimwulize kama nina akili timamu.

Nikafunga geti, nikaikunja kamba nikashuka nayo nyumbani. Mzee alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Aliponiona na kamba mkononi hakuulizia mafundo. Aliiomba, akaishika, akaikunja kwa vidole.

"Hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Kule juu. Kwenye sanduku la nje."

"Siku zote hizi? Na mvua?"

"Siku zote hizi."

Akafumba macho. Kisha akanieleza, taratibu, bila ukali, na ningependa angenifokea. Kamba ya katani ikinywa maji inajikaza, inakuwa fupi. Mafundo yanasogeleana. Ukipima na kamba iliyolowa unapata mafundo mengi kuliko yaliyopo. Ndiyo maana aliitundika juu ya jiko kila siku, miaka ishirini na miwili, apime asubuhi ikiwa kavu. Si kwamba aliogopa itaoza, kama nilivyodhani. Mafundo matatu yote niliyojivunia yalikuwa maji.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinifundisha kufunga, kuvuta, kulala kifudifudi, mpaka namna ya kumsalimia Kalamu Mbili, hilo moja tu ndilo akaliacha.

"Ningeanzaje?" akasema. "Nikutajie kamba na jiko lako, baada ya siku ile? Nikajua tu umeitundika. Imekaa pale miaka yote."

Basi. Mimi nilikasirika nikaitoa, yeye aliona aibu akanyamaza, na katikati yetu sisi wawili watu wameketi kwenye benchi lile mwezi mzima. Akakumbuka mwenyewe ile thelathini na saba aliyonichekea. Mimi nikakumbuka mwavuli ukibingirika, na jinsi nilivyouigiza humu chumbani.

Nje mawingu yalikuwa yanarudi, nikaona anayatazama dirishani. Akasema kwa sauti ndogo ambayo siijui kwake, "Mvua itanyesha tena usiku. Kamba ikilala nje itasoma thelathini na mbili. Zimebaki wiki mbili tu."

Nilimtazama na nikamwonea huruma kuliko siku aliyovunjika, kwa sababu viatu vyake vilikuwepo pale chini ya kitanda vinang'aa na mimi ndiye niliyeving'arisha. Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Ni mtu anayependa kazi yake, na nje ya kazi hiyo hajui atajiita nani.

Nilichukua kamba nikaja nayo huku jikoni. Nikaiweka stuli chini ya ile misumari yake, nikapanda, nikaitundika juu ya jiko. Stuli inalia, lazima alisikia kule chumbani. Ipo juu ya kichwa changu sasa ninapoandika. Inanuka vilevile.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua ilinyesha kweli. Kamba ilikuwa kavu. Niliibeba juu ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu anayebeba mkate. Ishirini na tisa.

Niliporudi nikamwambia mzee namba. Akasema nimpe simu. Nilidhani anataka kunizuia nisipige, kumbe anapiga yeye. "Huyu ni mlinzi," akasema. "Mafundo ishirini na tisa. Namba za nyuma zifute, zilikuwa za kamba mbichi. Kosa ni letu." Alisema letu. Kisha akanirudishia simu akaomba maji ya kunywa.

Kalamu Mbili alifika saa nane, na tepu mpya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nimeyapanga kabisa. Hakunisema. Aliniuliza jinsi mzee anavyoendelea, halafu akalala kifudifudi kwenye matope na shati lake jeupe, kalamu zote mbili zikazama. Tepu yake ilikubaliana na kamba. Alipoinuka akaweka kalamu moja juu ya benchi. Ikabingirika kuelekea baharini. Aliiangalia kwa muda, akaniambia, "Mama, tufunge leo leo," na mimi nikamsaidia kufunga utepe kutoka nguzo hadi ukuta wa kibanda. Nilimdhania vibaya kijana yule. Kalamu ya pili ni ya kuazima watu, nimemuuliza.

Bwana Mwavuli alikuwa amesimama getini tangu saa nne. Nilimwomba radhi kuhusu mbao zilizovimba. Akasema hana neno, ila atahitaji mahali pa kuketi. Nimemwekea kiti cha kibanda, hapo getini.

Mwalimu nilimpigia mwenyewe. Hakuongea haraka.

Jumamosi, 18 Aprili

Watoto walikuja hivyo hivyo, nikawapeleka ufukoni, mbali na mwamba. Wakachora kutoka chini kwenda juu. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini ukingo wa pale juu umechomoza mbele kama mdomo na chini yake hakuna kitu. Nilikuwa sijawahi kuuona kutoka chini. Benchi lilikuwa limeketi juu ya ule mdomo. Nilikaa kwenye mchanga.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Geti limefungwa, lakini nakwenda. Mtu anaweza kuvuka utepe.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Mzee ameanza magongo. Anazunguka meza na kugombana nayo.

Jumatatu, 27 Aprili

Ukingo umeanguka.

Mvua ilikuwa imekatika, hata upepo haukuwepo. Bwana Mwavuli ameketi kwenye kiti chake getini, mimi nampa chai. Tulisikia kishindo kizito, kifupi, kama mtu ameshusha gunia chumba cha pili. Tulipotazama, vyuma havikuwepo, benchi halikuwepo, kichaka cha miiba hakikuwepo. Bahari ilionekana karibu zaidi. Kisha vumbi jekundu likapanda kidogo na kutulia.

Bwana Mwavuli alitazama saa yake ya mkononi, kwa muda mrefu, kama aliyekuwa akihakiki muhuri. Akanigeuzia mkono nione. Saa nne na robo.

"Saa nne na robo huwa niko pale," akasema.

Nikaketi chini palepale karibu na kiti chake. Tulikunywa chai ile, yeye nusu mimi nusu, maana yangu niliimwaga.

Jumatano, 29 Aprili

Nililia leo, jikoni, bila sababu mpya.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua zimekwisha. Ofisi imeandika barua: mahali pale panafungwa, hakuna kupanda tena, na mlinzi anashukuriwa kwa utumishi. Kalamu Mbili aliileta mwenyewe nyumbani badala ya kuituma. Alikaa, akanywa chai, akamwita mzee wangu baba. Mzee akamwuliza nani atakuwa anapima sasa. Akajibiwa hakuna tena cha kupima.

Baada ya chai mzee alitaka kupanda akakabidhi funguo kulekule. Alivaa viatu vyake vya kazi, kimoja kimelegezwa kamba kwa ajili ya mguu. Tulipanda polepole, magongo, pumzi, magongo, pumzi. Ukuta mpya wa wavu unaanzia kwenye nguzo, na kutoka hapo ufuko hauonekani kabisa. Inaonekana bahari ya mbali tu. Alisimama akitafuta, nikajua anatafuta nini.

"Ule mstari siuoni," akasema.

Nikamwambia nilivyouona asubuhi ukingo ulipokuwa bado upo. Nikamwambia kuhusu kahawia na kijani, na ile siku ulipoyapita mawe meusi, na ile siku ulipopinda hadi ukakaribia kugusa ufuko. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema hiyo ya kupinda yeye ameiona mara mbili tu katika miaka yote, na kwamba nilikuwa na bahati. Akampa Kalamu Mbili funguo.

Kijana akauliza kama ofisi inaweza kuichukua kamba, waiweke kwenye kabati la vioo. Mzee akanitazama mimi. Nikasema hapana.

Nyumbani aliikunja vizuri, akawa anakwenda nayo taratibu kuelekea banda la nyuma, kule kunakowekwa ndoo zilizotoboka. Nikamwambia alete hapa. Nikaburuta stuli.

"Si ulisema inanuka?"

"Inanuka bado."

Akasema nishuke, nitaanguka. Nikamwambia basi aweke magongo chini aje ashike stuli.